Ngozi Kwanza, Vifaa Baadaye: Hotuba kwa Wanaoanza Kazi ya Ngozi

Mabibi na mabwana, wazee wangu, vijana, habari za mchana. Asanteni kwa kunialika, na asanteni zaidi ninyi mliokubali kusogea viti vya mbele, maana leo kuna vitu vya kushika na aliyekaa nyuma vitamfikia mwisho.

Nimeombwa niseme juu ya kazi ya ngozi kama kazi ya kujifurahisha. Sizungumzii kiwanda, wala fundi anayelisha familia kwa sindano yake. Nazungumzia mtu anayekaa mezani jioni, baada ya shughuli zake, akatengeneza pochi au mkanda kwa sababu tu anapenda kufanya hivyo. Karibu kila anayetaka kuanza huniuliza swali lile lile: ninunue vifaa gani? Nitalijibu, lakini si sasa hivi. Swali linalotangulia ni ngozi. Hakuna kisu kitakachoiokoa ngozi mbaya, na ukishaijua ngozi uliyonayo, utashangaa jinsi vifaa vichache vinavyotosha. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na mengine yote nitakayoeleza yanatoka humo.

Pitisheni vipande hivi viwili. Kimoja ni cha rangi ya mchanga, kigumu kidogo. Kingine ni cheusi, laini, kinakunjika bila ubishi. Vyote vimetoka kwa ng'ombe. Sasa kila mmoja abonyeze ukucha kwenye kile cha rangi ya mchanga. Alama imebaki, sivyo? Bonyezeni kile cheusi. Alama imepotea, au haikuonekana kabisa. Tofauti hiyo haikutoka kwa mnyama. Ilitokea wakati wa kudabaghi.

Ngozi mbichi ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zimesukana huku na huku bila mpangilio wa macho. Ukiiacha hivyo itaoza. Ukiianika tu itakakamaa, na siku ikilowa itaanza tena kuoza. Kudabaghi ni kuzifunga nyuzi hizo kwa kitu kitakachozizuia zisioze tena. Njia ya kale hutumia tanini, ile dawa chungu iliyomo katika magome na mbao za miti kama akasia, mwaloni na chestnati. Ngozi hukaa ndani ya maji ya tanini kwa wiki nyingi, na katika mashimo ya mtindo wa zamani hukaa kwa miezi. Njia ya pili hutumia chumvi za kromu. Mwaka 1884 Augustus Schultz, huko Marekani, alipata hataza ya njia ya kromu iliyofaa viwandani, na mwaka 1893 Martin Dennis, wa huko huko, akapata yake iliyorahisisha kazi kwa kutumia maji ya dawa mara moja badala ya mara mbili. Kazi ya miezi ikawa ya siku chache. Leo sehemu kubwa ya ngozi duniani, ya viatu, majaketi na makochi, ni ya kromu. Kwa ufupi nitaziita ngozi ya magome na ngozi ya kromu.

Mtu ataniuliza ipi ni bora. Bora kwa kazi gani? Ngozi ya kromu ni laini, huvumilia maji, hushika rangi kali, na ukitaka begi la kulegea linaloangukia begani vizuri, hiyo ndiyo ngozi yako. Lakini anayeanza namshauri achukue ya magome, tena bila kusita. Ngozi ya magome hushika umbo unaloipa. Hupokea muhuri na mchoro. Ukingo wake ukisuguliwa hung'aa. Halafu kwa sababu ni ngumu kidogo, haikimbii chini ya kisu wakati bado mkono haujazoea.

Dukani utazitambuaje? Ukucha mmeshauona. Tazama pia ukingo uliokatwa: ya magome mara nyingi ni ya kahawia au rangi ya mchanga kutoka juu hadi chini, na ya kromu mara nyingi ina mstari wa kijivu au wa bluu katikati, hata kama juu imepakwa rangi nyingine. Tone la maji nalo husaidia. Kwenye ngozi ya magome isiyopakwa chochote tone huzama upesi na kuacha doa jeusijeusi, ambalo hufifia likikauka. Muombe muuzaji ruhusa kwanza, tafadhali.

Na msikubali maneno "ngozi halisi" yaliyogongwa nyuma ya mkanda yawamalizie mazungumzo. Maneno hayo yanawaambia kuwa ni ngozi, basi. Hayawaambii ni tabaka gani la ngozi. Tabaka la juu, lile lililokuwa na manyoya, lina nyuzi nyembamba zilizobanana, na ndilo lenye nguvu. Ngozi nene hupasuliwa mashineni kuwa tabaka mbili au zaidi. Tabaka la chini halina uso wa asili. Huachwa na vinyuzi vyake vilivyosimama likawa ngozi ya suedi, au hupakwa plastiki na kupigwa chapa ya vinyweleo vya bandia. Halafu kuna ile inayotengenezwa kwa vumbi na vipande vya ngozi vilivyosagwa vikachanganywa na gundi. Hiyo haishoneki kwa raha, haishiki ukingo, na baada ya muda hubanduka. Binafsi siiweki mezani kwangu hata kwa majaribio, kwa sababu mwanafunzi akiharibikiwa nayo hudhani kosa ni la mikono yake.

Nendeni sasa kwenye ramani ya ngozi. Ngozi nzima ya ng'ombe mkubwa huwa na futi za mraba kati ya 40 na 60, na si yote sawa. Mgongoni, kuanzia kiunoni kuelekea mabegani, nyuzi zimebanana na ngozi haivutiki ovyo. Mabegani na shingoni kuna mikunjo ya mnyama kugeuza kichwa maisha yake yote. Tumboni ni kulegea na kunyumbuka. Mkanda wa suruali hukatwa mgongoni, sambamba na uti wa mgongo, kwa sababu hapo ndipo ngozi isiponyumbuka sana kuliko sehemu nyingine zote. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Sasa mkanda uliokatwa tumboni huvutwa na kila mtu, na mwisho wa mwaka umeongezeka urefu. Tumbo usilitupe. Ni zuri kwa kujifunzia kutoboa na kushona, na hata kwa vitu vya kulowesha na kufinyanga.

Makovu? Ngozi ina historia: waya wa uzio, kupe, pembe za mwenzake. Kovu lililopona si udhaifu kila mara, na wapo wanaopenda lionekane. Mimi hulipenda likiwa mahali nilipopachagua mwenyewe, silipendi likitokea penye mshono.

Unene hupimwa kwa milimita, na sehemu nyingine kwa aunsi, ambapo aunsi moja ni karibu milimita 0.4. Pochi na kishika kadi hutaka milimita 1 hadi 1.5. Mkanda unataka 3 hadi 4. Kosa la kawaida la wanaoanza ni kununua ngozi nene kwa kuwa inaonekana ya maana, kisha pochi yenye tabaka nne inakataa kufunga. Pale panapokunjwa au panapokutana tabaka nyingi, ngozi huparwa kwa kisu upande wa nyama mpaka iwe nyembamba. Kupara ni kazi ya mkono mtulivu na kisu kikali kuliko unavyodhani kisu kinaweza kuwa. Katika mwezi wenu wa kwanza wa kujifunza, ikwepeni kabisa kwa kununua ngozi ya unene unaofaa.

Haya, vifaa. Mwaka 2008, katika pango la Areni-1 nchini Armenia, wachimbuzi wa mambo ya kale walipata kiatu cha miaka ipatayo 5,500. Kimetengenezwa kwa kipande kimoja cha ngozi ya ng'ombe, kikazungushwa mguuni na kufungwa kwa kamba ya ngozi iliyopitishwa kwenye matundu. Aliyekitengeneza hakuwa na sanduku la vifaa vya chuma vinavyong'aa. Kwa hiyo orodha yangu ni fupi: kisu cha wembe wa kubadilisha, rula ya chuma, ubao wa kukatia, patasi yenye meno ya kutobolea au maharazi, nyundo ya mbao au ya plastiki, sindano mbili butu, uzi uliopakwa nta, gundi, msasa, na kipande cha mti laini cha kusugulia ukingo. Ukiwa na bikari ya shuleni, hiyo nayo inatosha kuchora mstari wa kushonea: ncha moja inatembea nje ya ukingo, nyingine inakwaruza mstari ndani. Mihuri ya maua na visu vya kuchongea vyenye mpini unaozunguka vinapendeza, lakini vingoje mpaka kazi yenyewe iviite.

Kisu kinahitaji neno zaidi. Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu kinadai nguvu, na nguvu ikiteleza haina breki. Kata kwa kupitisha mara mbili tatu kwa wepesi badala ya mara moja kwa kukaza. Mkono unaoshikilia rula usikae mbele ya njia ya kisu, kamwe. Na badilisheni wembe mapema. Wale mtakaonunua kisu cha kunoa, malizieni kukinoa kwenye kipande cha ngozi kilichopakwa dawa ya kung'arishia chuma, mkikivuta kwa kurudi nyuma, mgongo wa kisu ukitangulia.

Tufike kwenye mshono, mahali ambapo kazi ya mkono ina jambo la kuionyesha mashine. Cherehani hutumia nyuzi mbili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, zinakamatana ndani ya tundu. Ukikatika mmoja, mshono unaweza kuanza kufumuka. Sisi tunashona kwa uzi mmoja wenye sindano katika kila ncha. Katika kila tundu, ncha zote mbili hupita, moja ikitoka kulia na moja kushoto, zikapishana. Uzi ukikwaruzika ukakatika upande mmoja, ule uliopita upande wa pili bado umeshika. Ndiyo maana matandiko ya farasi, ambayo maisha ya mpandaji hutegemea kamba zake, yalishonwa hivi na bado yanashonwa hivi.

Tazameni mikono yangu. Kwanza mstari, milimita 3 kutoka ukingoni. Patasi inasimamishwa wima kabisa, inagongwa. Kisha jino lake la kwanza linarudishwa ndani ya tundu la mwisho ili nafasi isibadilike. Patasi ikilala hata kidogo, mbele mtaona mstari ulionyooka na nyuma mtaona mstari wa mlevi. Matundu yakiwa na nafasi ya milimita 4 yanamfaa anayeanza. Uzi ukatwe mara nne ya urefu wa mshono: mshono wa sentimita 20, uzi wa sentimita 80 na ziada kidogo ya kushikia sindano. Sindano ni butu kwa sababu tundu limeshatobolewa; ncha kali ingechoma uzi uliotangulia.

Pitisha sindano ya kwanza kwenye tundu la mwanzo, vuta mpaka uzi ugawanyike sawa pande zote mbili. Tundu linalofuata, sindano ya kushoto inapita. Kabla ya kuingiza ya kulia, uvute ule uzi uliokwisha kupita urudi nyuma kidogo, ili sindano ya pili isiutoboe. Ingiza ya kulia. Sasa vuta pande zote kwa pamoja, kwa nguvu ile ile. Basi, tundu moja limekwisha, na yote yanayofuata ni hilo hilo. Siri ni kutobadilisha mpangilio: ikianza ya kushoto, ianze ya kushoto mpaka mwisho, na ya pili ipite upande ule ule wa uzi wa kwanza kila mara. Ukibadilisha katikati, mishono iliyokuwa imelala kwa mteremko mmoja inageuka, na jicho la mtu yeyote litaona hata kama hajui kinachomsumbua. Mwenye mkono wa kushoto ageuze kila nilichosema, mshono hautamlaumu.

Mwisho wa mstari, rudi nyuma matundu mawili au matatu, kata uzi karibu na ngozi. Uzi wa polista unachomwa ncha kidogo ikajifunga yenyewe. Uzi wa kitani hauyeyuki. Tia tone la gundi ndani ya tundu. Ukishona peke yako bila kibano, utahitaji mikono mitatu, kwa hiyo tafuteni mbao mbili za kubana ngozi katikati ya magoti. Ni kifaa cha kizee na hakuna kilichokishinda.

Gundi nitaipitia haraka. Ile ya mpira hupakwa pande zote mbili, inaachwa mpaka isishike kidole, ndipo vipande vinabanwa. Fungueni madirisha. Ipo pia ya maji, haina harufu, nayo inaridhisha kwa vitu vidogo.

Ukingo ndio unaowatenganisha waliomaliza kazi na wale waliochoka nayo. Punguza pembe kwa kifaa chake au kwa msasa. Piga msasa mpaka tabaka mbili zilizogundishwa zionekane kipande kimoja. Lowesha kwa kidole, maji kidogo tu, kisha sugua kwa mti au kitambaa kigumu, haraka, mpaka joto lisikike chini ya kidole. Nyuzi zinalala, ukingo unageuka mweusi kidogo na kuanza kung'aa. Rudia. Maliza kwa nta. Hapa ndipo mtakumbuka ukucha wenu: ngozi ya kromu ukiisugua hivyo hadi kesho haitang'aa, inataka kukunjwa ukingoni au kupakwa rangi maalumu. Mtu akikuambia hana bahati na kingo, muulize ngozi yake ni ipi.

Tanini ina tabia nyingine ya kuchekesha. Ikikutana na chuma penye unyevu, inakuwa nyeusi. Weka kibano cha chuma juu ya ngozi ya magome iliyolowa na utakuta alama nyeusi isiyotoka. Mafundi wakaugeuza msiba huo kuwa rangi: misumari inalowekwa kwenye siki kwa siku kadhaa, maji yale yanapakwa kwenye ngozi, na weusi unatokea mbele ya macho yako, umeingia ndani, haubanduki mikononi. Chupa isifungwe kabisa, kwa sababu siki na chuma hutoa gesi. Ukishapaka, suuza kwa maji yenye soda ya kuokea, kisha rudishia mafuta. Kwenye ngozi ya kromu ujanja huu haufanyi kitu.

Maji yenyewe ni kifaa. Ngozi ya magome ikiloweshwa na kuachwa mpaka rangi yake ikaribie kurudi ya mwanzo, huwa tayari kupokea muhuri au kufinyangwa kuzunguka kisu chako ikawa ala. Mapema mno, alama zinajaa maji na kufutika. Kuchelewa, ngozi inakataa. Ikauke kivulini polepole. Moto na jua kali huikunja na kuikakamaza, na hapo hakuna mafuta yatakayoirudisha. Mafuta yenyewe, kama yale ya kwato za ng'ombe, yapakwe kidogo kidogo. Ngozi iliyolewa mafuta hulegea na kuwa nyeusi kuliko ulivyotaka.

Onyo moja kwa wanaopenda usafi: msichome mabaki ya ngozi ya kromu. Moto unaweza kuigeuza kromu iliyomo kuwa ya aina yenye sumu.

Mtaanza na nini? Kishika funguo, kwa kuwa kina mshono mfupi na hakuna wa kukudai. Kisha kishika kadi. Watu wengi wanakimbilia pochi ya kukunja, na mimi nasema fanyeni mkanda kabla yake. Mkanda hauna mishono mingi, lakini unakulazimisha kukata mstari mrefu ulionyooka na kung'arisha kingo mbili ndefu, na ukiisha unauvaa. Upana wa sentimita 3.5 hadi 4. Kipimo usikichukue kiunoni wala kwenye namba ya suruali. Chukua mkanda unaouvaa leo, pima kutoka ngozi inapokunjwa kushika bizimu mpaka tundu unalolitumia. Hapo ndipo tundu la katikati la mkanda mpya litakapokaa. Ongeza mawili kila upande, yakiachana sentimita 2.5, na mkia wa kutosha kupita kwenye kitanzi cha kwanza.

Vipande vya kujifunzia viko meza ya kulia, vyote vya tumbo, kwa hiyo msione huruma kuvitoboa. Uzi nimeshaukata. Maswali nitayajibu tukiwa tunashona.